Rasta, wigi au kushonea? Chagua nywele ya Jumanne, sio ya Jumamosi

Mwezi wa 12 huku kwetu Kigoma ndo mwezi wa kadi, unarudi nyumbani unakuta tatu zimepangwa juu ya kabati, sendofu ya mtoto wa shangazi, komunio ya mtoto wa jirani, na harusi ya mtu ambae hata sura humkumbuki ila mchango ulishatoa. Na mvua nayo ndo imekolea. Watu wa pwani wana vuli na wana masika, katikati wanapata nafasi ya kupumua, sisi ikishaanza mwezi wa 10 mwishoni au wa 11 ndo hiyo hiyo mpaka wa 4 hivi, wa 5, hapa nitaiita yote masika, afu kiangazi kikavu na upepo wa ziwani mpaka mwezi wa 9. Kwahiyo mtu akiniuliza nisuke au nivae wigi, mimi simuulizi uso wake ukoje, namuuliza ni mwezi wa ngapi na Jumanne atakuwa wapi.

Jumanne kwasababu gani, ngoja nieleze. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na sendofu Jumamosi ukumbini Mwanga, nikavaa wigi rangi ya asali, la kubandikwa gundi mbele, limekatwa mpaka juu ya nyusi, picha zilitoka balaa, mpaka leo moja ndo profaili yangu. Jumapili usiku simu, bibi mzaa mama amefariki, kijijini huko ziwani upande wa Kagunga. Jumatatu asubuhi nipo Kibirizi napanda boti, gundi haijaachia, dawa ya kuitolea sina, na dada aliyenibandika simu haipokei. Hizi boti zetu za mbao si unazijua, unakaa wazi, upepo wote wako, mbele wigi limeng'ang'ania nyuma linapepea, mkono mmoja nimeshika mfuko mwingine nimeshika kisogo, njia nzima. Jumanne tunazika, nimejitanda kanga vizuri kabisa, mama mkubwa akaja kunikumbatia kanga ikashuka, akalitazama lile wigi akaniuliza taratibu, mwanangu, hicho kichwa ni cha nani? Nikacheka nikalia tena upya. Huu msuko wetu wa njia za kurudi nyuma unaitwa twende kilioni, na mimi naamini aliyeupa jina alishapata simu kama ile.

Toka siku hiyo sichagui nywele ya sherehe tena, nachagua ambayo itaenda sherehe afu ikibadilika hali inaenda popote. Sasa tuvilinganishe.

Rasta na wigi, mvua ikiwepo

Rasta uzuri wake mkubwa unalala nayo unaamka nayo, mvua ikikukuta kati ya soko la Mwanga na nyumbani unatupia kitenge kichwani unaendelea na safari. Haina cha kuharibika, ile ni plastiki, ndo maana ncha zikichovywa kwenye maji ya moto zinatulia. Ila kuna kitu watu wanasahau, rasta yenyewe hainywi maji lakini inayashika katikati ya nyuzi, na mle ndani kuna nywele yako ambayo inakunywa. Masika hewa yenyewe ina unyevu, msuko mnene ukilowa asubuhi mpaka jioni shina bado majimaji, ukafunga na kofia ya kulalia juu yake, siku ya tatu unanuka kama dekio na hakuna pafyumu itakuokoa. Kwahiyo masika suka za kati au nyembamba, ziishie mabegani. Zile za kukalia ni za mwezi wa 7.

Na uzito, hapo sitanii. Rasta ndefu zikilowa zinavuta mashina, mashina yakivutwa kila siku nywele za mbele na za pembeni zinaondoka kidogo kidogo mpaka paji linapanda, na ukichelewa hazioti tena. Ukiona vipele vidogo kwenye mstari wa mbele baada ya kusuka, au usiku hulali bila panadoli, usijiambie urembo ni kuvumilia, umekazwa sana, rudi akulegeze au fumua zile za mbele tu. Msusi mzuri hakasiriki ukimwambia, anaekasirika mlipe uondoke usirudi.

Ndani ya rasta zenyewe kuna mgawanyiko, za kifundo na notlesi. Za kifundo rasta inafungwa pale pale shinani, mzigo wote unaanzia kwenye ngozi. Notlesi anaanza na nywele yako mwenyewe afu anaongeza rasta kidogo kidogo akishuka, shina linakuwa jepesi, unaweza kubana kwa juu siku ile ile. Ubaya ni muda na hela. Mimi za kifundo za kati nakaa masaa manne au matano wasusi wakiwa wawili, notlesi nilishakaa kutoka saa tatu asubuhi mpaka magharibi imeadhiniwa, nikala hapo, nikalala hapo, nikajua na siri za mtaa mzima. Na notlesi shina linachoka mapema, wiki ya nne limeshakuwa sufi. Kama paji lako lina historia, kaa nazo notlesi, kama paji lako ni zima na unataka zikae mpaka wiki ya nane, kifundo. Zote mbili zikipita wiki nane toa, uchafu unakusanyika pale shinani, na ukifumua chana kwanza kabla ya kuosha maana ukianza na maji inakuwa mkeka.

Sasa wigi. Wigi lina faida moja ambayo rasta haitakaa iwe nayo, unalivua. Usiku unaweka pembeni, chini umesukwa twende kilioni, kichwa kinapata hewa, kinapata mafuta, unajikuna kwa vidole vyote kumi bila aibu. Mdogo wangu yupo ofisini anataka kichwa kipya kila Jumatatu, kwa mtu wa hivo siwezi kubishana, wigi tatu zinamtosha mwaka mzima wakati mimi nalipia msuko kila baada ya miezi miwili. Ukipiga hesabu ya mwaka wigi linaweza kuwa rahisi hata kama siku ya kulinunua roho inauma.

Ila masika. Wigi la nywele ya binadamu likipata unyevu linafura, ulitoka nalo limelala unafika ukumbini limeamka. La plastiki halifuri, lenyewe linachakaa pale linapogusa kola, linajisokota kwa chini linakuwa kama katani. Gundi nayo haipatani na jasho, ukumbi una watu mia tatu na feni mbili, ikifika muda wa kwenda kutunza mbele limeshaanza kunyanyuka. Chukua lenye mpira na vitana kwa ndani, lisilohitaji gundi, utanishukuru. Ukilazimika gundi ijaribu mkononi au nyuma ya sikio siku mbili kabla, ngozi nyingine inakataa, na usikubali kuvutwa wakati wa kutoa. Kuna saluni moja, jina nalihifadhi, walininyofoa na nywele za mbele zikaja na gundi, ilibidi nifunge vilemba nusu mwaka.

Na jiko. Jamani wigi la plastiki na jiko la mkaa ni maadui wa kuzaliwa. Kwenye shughuli zetu hakuna mgeni, umeenda umependeza unaambiwa mama hebu shika mwiko hapo, kugeuza samaki migebuka kwenye mafuta mara moja tu, nimeona kwa macho kipande cha mbele cha mtu kikijikunja kikawa kidogo kama nyusi. Kama wewe ni mtu wa jikoni, na unajijua, suka.

Kwa ndugu zangu wa Ujiji wanaotawadha mara tano lipo pia hili la kupangusa kichwa, wigi lazima litoke kila saa ya sala wakati twende kilioni ya nywele yako haikusumbui hata kidogo, achilia mbali kwamba wengi nywele za kuongeza hawazitaki kabisa kwa sababu za dini. Mama mdogo wangu wa kule anasuka uzi tu chini ya mtandio, na ana nywele ndefu kuliko sisi wote tunaohangaika.

Kiangazi mambo yanageuka

Kuanzia mwezi wa 6 hewa inakauka, upepo wa kusini unapanda na ziwa, vumbi la Mwandiga na Gungu linapanda na bodaboda. Hapa wigi linapumua maana hakuna unyevu wa kulifurisha, na jioni kunapoa. Ukienda Kasulu au Manyovu kwenye harusi mwezi wa 7, huko juu baridi lake unalijua, wigi linageuka kofia, sikufichi nililala nalo. Rasta ndefu nazo huu ndo msimu wake, unaosha asubuhi mchana zimekauka. Tabu ni vumbi tu, rasta nyeusi inakuwa na rangi ya kutu, funga kichwa ukipanda bodaboda basi yaishe.

Ngozi ya kichwa ndo inateseka kiangazi, na hapa sisi watu wa Kigoma tuna mali hatuitangazi. Mise, mafuta ya mchikichi. Mgeni asichanganye, mawese yale mekundu ni ya nyama ya tunda, ya kupikia, ukipaka kichwani utachafua mto na shuka na mume, mise ni ya kokwa lenyewe la ndani. Ina harufu, sibishi, ndo maana nachanganya na mafuta ya nazi kidogo na napaka usiku. Ila ukipanga wigi la gundi usiguse mise siku hiyo wala siku ya kabla, mafuta yoyote yanaiachisha gundi, kwa rasta haina shida hata upake kila baada ya siku tatu.

Kushonea, na nywele yako mwenyewe

Kushonea ni wigi lisilovulika, linashonwa kwa uzi juu ya msuko, yani umechukua matatizo ya wote wawili. Masika ile mistari ya chini ikilowa haikauki, huioni, huifikii. Kiangazi sawa, wiki sita, na kama una harusi mbili zinazofuatana inakutoa vizuri, zaidi ya hapo sina la kuisifia.

Nywele yako mwenyewe ni ya kuchagua kati ya kublo na dawa ya kunyoosha. Kublo joto linanyoosha kwa muda tu, maji yakiigusa hata ya hewani inajirudia, kwahiyo kublo ya masika ni ya kutoka saluni kwenda kupiga picha, picha yenyewe ya ndani. Dawa inabadilisha nywele moja kwa moja mpaka iote nyingine, mvua haiirudishi, ila usijikune wala kuchana kwa nguvu siku ya kabla ya kuweka maana pale penye mchubuko ndo patakapowaka, usiretachi, yani kurudia dawa kwenye mashina yaliyoota, kabla ya wiki nane, na usiweke dawa na kusuka siku moja. Dada wa saluni anaekwambia haina shida anataka hela zote mbili.

Nguo: kitenge au leisi na satini

Huku tunakaa mlangoni pa vitenge, ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na wenzetu wa kule kwenye kitenge hawana mchezo. Kwahiyo kitu cha kwanza jifunze kukigeuza. Waksi ya kweli, kitenge cha kuchapwa kwa nta, rangi ipo sawa pande zote mbili, ukikuta nyuma kumepauka hicho ni cha kuchapwa upande mmoja, sio kibaya, cha nyumbani, ila usiuziwe kwa bei ya waksi. Pindo lina maandishi, watu wanalisoma kama cheti, Vlisco ni kampuni ya Uholanzi ya toka 1846 na jina lao lipo pindoni, lakini wanaoiga wanaiga mpaka maandishi, mimi naamini zaidi uzi. Chomoa uzi mmoja uchome, pamba inanuka karatasi na kuacha jivu, plastiki inayeyuka inakuwa kidonge kigumu. Muuzaji akikukatalia kuchomoa uzi mmoja, umeshapata jibu.

Kitenge cha yadi sita ni kama mita tano na nusu, kinatoa gauni na kilemba, ukiwa mwembamba na fundi si mwizi kinabaki na cha mkoba. Kiloweke kabla ya kushona, pamba inarudi, wengi wanaogopa kung'aa kutaondoka, ni kweli kunapungua lakini bora king'ae kidogo kuliko zipu igome mwezi wa pili. Jasho kinanyonya, mvua ikikupiga hakionyeshi ndani, na mshono wa vipande viwili ndo mshono wa Jumanne kabisa, sketi inaenda kanisani na shati, blauzi inaenda kazini, na vyote kwa pamoja unaenda navyo kilioni ukijifunga kanga juu. Gauni la leisi linaenda wapi Jumanne? Linarudi kabatini.

Lakini nisiwe mchoyo, leisi na satini usiku ukumbini chini ya taa vinaongea, kitenge hakifikii pale, hasa kama wewe ndo bi harusi mtarajiwa au dada yake. Satini tatizo lake tone moja la mvua linabaki kama ramani na jasho kwapani linaonekana toka meza ya mwisho. Leisi tatizo ni kitambaa cha ndani, fundi akikuwekea cha plastiki utachemka, mwambie aweke cha pamba, atanung'unika, mwache. Hivi vyote viwili navipeleka kiangazi, masika naenda na kitenge, isipokuwa kamati ikitoa sare maana sare haina mjadala, ukiambiwa satini ya zambarau unavaa zambarau na mchango unatoa.

Fundi peleka wiki tatu kabla kama ni mwezi wa 12. Akikwambia njoo Alhamisi wewe andika Jumamosi saa nane mchana, umeme umekatika, gauni halina mkono mmoja. Kilemba ndo kinaokoa siku kama hizo, kipande kilichobaki cha kitenge ukikifunga vizuri hakuna atakaeuliza nywele ziko wapi, na kile kigumu cha kukunja kama feni kinasimama vizuri lakini mtu wa nyuma yako haoni keki ikikatwa.

Viatu sina maneno mengi, tope letu na kisigino cha sindano havijuani, kisigino kinene, na kandambili kwenye mkoba.

Kwa Idi hesabu ni nyingine kidogo. Idi inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, Idi ndogo ya 2025 iliangukia mwisho wa mwezi wa 3, mvua bado ipo, na kwa jinsi inavyorudi itazunguka humo humo ndani ya mvua yetu zaidi ya miaka 10. Kwahiyo baibui ile ya kuburuza chini inayofagia njia ya kwenda uwanjani kuswali, ikunjwe juu vidole viwili. Idi kubwa mwaka huo ilikuwa mwezi wa 6, pakavu, lakini nayo inaingia wa 5 na baadae wa 4, basi dera zito la kipupwe usilishone mwaka huu ukategemea litakufaa na miaka mitano ijayo. Hina ipakwe usiku wa kabla ilale, rangi ya kucha wanaosali wanaikwepa kwasababu inazuia maji, hina haizuii. Piko nyeusi sana ya kukauka dakika kumi iogope, mara nyingi wamechanganya dawa ya kupaka nywele iwe nyeusi, kuna watu wametoka malengelenge wakabaki na alama za maua mkononi miezi.

Sasa mimi mwenyewe mwezi huu. Kadi tatu, shangazi mmoja anaumwa Kalinzi hatujui, na nazunguka sana. Wigi la asali bado lipo kwenye boksi lake, mdogo wangu analiomba kila mwaka na mwaka huu nampa. Nimenunua pakiti sita za rasta nyeusi, notlesi za kati, za mabegani, nimeziloweka kwenye maji na siki kidogo nikaanika maana zikija zilivyo zinaniwasha, kitenge kiko kwa fundi toka mwezi wa 11, vipande viwili. Msusi nimemwambia Alhamisi, siku mbili kabla ili kichwa kikiuma kimalize kuuma kabla ya Jumamosi, amenijibu nije saa mbili asubuhi, niwe nimeosha, na niwe nimekula.